Unapotea kila ukishuka kituoni? Jinsi ya kuzoesha kichwa kujua mwelekeo, hatua kwa hatua

Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu, maana maswali ni yale yale. "Kaka mbona nikishuka kwenye gari sijui mjini ni wapi?" "Hivi kuna watu wamezaliwa na dira kichwani?" "Simu ikizima njiani nafanyaje?" Kazi yangu ni kuwazoesha vijana wanaoanza kupeleka mizigo kwa bodaboda hapa Dar, wengi wamefika mjini juzi juzi tu, na hata waliozaliwa hapa hapa Temeke ukiwapeleka Mbezi Juu wanaanza kuzunguka. Karibu wote wanakuja na sentensi moja, "mimi akili ya njia sina kabisa". Sikubaliani nayo. Akili ya njia karibu kila mtu anayo, ila wengi hawajaifunga popote, na kuifunga kunafundishika.

Kichwani kunatokea nini (fupi tu)

Jicho linaona, sikio linasikia, ila mwelekeo hauna kiungo chake kimoja, ubongo unauunga unga kutoka vyanzo vingi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe, akiwa London, alionyesha kwamba kwenye hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka panya akiwa sehemu fulani tu, akihama zinanyamaza na nyingine zinawaka. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser huko Norway wakaonyesha seli za jirani yake zinazopima eneo zima kwa mpangilio wa pembe sita. Wote watatu walipewa Nobel 2014. Kuna na seli nyingine kazi yake ni kufuata kichwa chako kimeelekea wapi, halafu ongeza mifereji mitatu ya sikio la ndani inayohisi ukigeuka, na miguu inayokadiria umetembea kiasi gani.

Sasa penye kazi ni hapa. Seli hizo hazijui kaskazini ya dunia. Zinashikilia kitu unachokiona, basi. Ukizipa kitu kisichohama zinatunza mwelekeo vizuri sana, ukizinyima zinaanza kuteleza taratibu na wewe hata huhisi. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake walichapisha jaribio lao la kuwatembeza watu kwenye msitu wa Bienwald Ujerumani na kwenye jangwa la Sahara upande wa Tunisia, wakaambiwa nyoosheni tu msigeuke. Waliokuwa wanaliona jua walinyoosha. Kule msituni siku ya mawingu walizunguka duara, na wengine wakakatiza njia yao wenyewe waliyopita mwanzo bila kujua. Watu wazima, wazima wa afya, mchana kweupe.

Hicho kitu kisichohama mimi nakiita nanga, na neno hilo nitalitumia mpaka mwisho.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye ramani, ila itatumika kwa namna tofauti na ulivyozoea (angalia hatua ya 8)
- Kidaftari na kalamu. Karatasi kweli, sio noti za kwenye simu
- Wiki tatu nne za uvumilivu, dakika chache kila siku
- Njia moja unayopita kila siku, kazini au shule au sokoni, hiyo ndo darasa lako
- Kofia au miwani kama jua linakusumbua, maana utakuwa unaliangalia liko wapi mara nyingi. Sio kulikodolea macho, unaangalia upande lilipo au unaangalia kivuli, jua linaunguza macho

HATUA KWA HATUA

1. Anzia mlangoni kwako

Kesho asubuhi saa 1 toka nje, simama mlangoni, tafuta jua. Hapo ni mashariki. Mkono wa kushoto ukiwa umeangalia jua ni kaskazini, wa kulia ni kusini, mgongoni magharibi. Haya mnayajua tangu darasa la tatu, lakini ukimuuliza mtu mlango wa chumba chake unaangalia wapi anabaki anakutazama. Kwahiyo usiishie kwenye kujua jua linachomoza wapi, funga na vitu: kitanda kichwa kiko upande gani, mlango unatazama wapi, choo kiko upande gani wa nyumba, barabara kubwa iko upande gani. Ukishajua hivo, kila siku unatoka nyumbani ukiwa tayari umeshafunga nanga, huanzi sifuri kituoni.

Angalizo: jua halichomozi pale pale mwaka mzima. Mwezi wa 6 linachomoza limesogea kaskazini ya mashariki karibu digrii 23, mwezi wa 12 linasogea kusini kiasi hicho hicho. Nyoosha mkono, kunja ngumi, upana wa ngumi yako ni kama digrii 10, kwahiyo ni ngumi mbili na kidogo. Kwa kutembea mtaani haina shida, kwa kukata pori inakupoteza.

Na mchana? Watu wengi wanaamini saa 6 jua liko utosini kila siku. Kwa Dar linakaa utosini kweli mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa 3 na karibu tarehe 10 ya mwezi wa 10. Katikati hapo, yaani kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 10, jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini na kivuli chako kinaangukia kusini. Mwezi wa 12 ni kinyume chake, kivuli kifupi kinaangukia kaskazini.

2. Tafuta nanga kubwa ya mji wako

Kila mji una kitu kikubwa ambacho hakihami na kila mtu anajua kiko wapi. Moshi ni rahisi kuliko kote, Kilimanjaro iko kaskazini ya mji. Arusha Mlima Meru nao uko kaskazini. Morogoro milima ya Uluguru inakaa kusini. Mwanza ziwa liko kaskazini na magharibi. Nairobi ambako hamna bahari wala mlima wa karibu, tumia barabara: Thika Road inatoka kuelekea kaskazini mashariki, Mombasa Road kusini mashariki, Waiyaki Way magharibi. Mombasa kisiwani shika mitoko yake, Likoni kusini, Makupa kaskazini magharibi, daraja la Nyali upande wa pili.

Dar nanga kubwa ni bahari, mashariki. Lakini hapa ndo vijana wangu wanapoteleza sana kwahiyo soma taratibu. Ukiwa Kivukoni maji yaliyo mbele yako ni ya mlango wa bandari, ukitazama Kigamboni pale unatazama kusini na mashariki, sio mashariki tupu. Na ukiwa Masaki, ile ni rasi, ina maji pande zote mbili, pale Slipway unaona jua linazama baharini kabisa. Mtu aliyejiambia "bahari ni mashariki" akifika pale saa 12 jioni ramani yote ya kichwani inageuka. Nanga lazima ujue na mipaka yake.

3. Jenga mifupa ya mji kabla ya vichochoro

Usianze na mitaa. Anza na barabara nne tano kubwa, zijue zinatoka wapi zinaenda upande gani wa dunia. Kwa Dar ni hivi, kutoka mjini kati: Bagamoyo Road inapanda kaskazini (Mwenge, Tegeta, Bunju), Morogoro Road inaenda magharibi (Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibaha), Nyerere Road inashuka kusini magharibi (Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto), Kilwa Road inaenda kusini (Mtoni, Mbagala). Halafu kuna inayokatiza hizo zote kwa nyuma, Sam Nujoma kutoka Mwenge mpaka Ubungo, inapokelewa na Mandela kutoka Ubungo mpaka bandarini. Ukishika hizi tu, popote utakapotupwa Dar ukitembea utagonga mojawapo.

Kariri kwa mwili sio kwa mdomo. Mfano watu wa Mbezi na Kimara: asubuhi unaenda mjini jua liko usoni, jioni unarudi jua liko usoni tena, dereva kashusha kile kizuia jua asubuhi na jioni. Sasa unajua kwanini. Watu wa Tegeta asubuhi mnashuka mjini jua liko kushoto, jioni mnarudi liko kushoto vile vile, kwahiyo kaeni upande wa dereva. Watu wa Mbagala ni kinyume, jua liko kulia kwenda na kurudi, kaeni upande wa mlango. Nimewapa vijana zoezi hili la kuchagua siti ya kivuli na linafanya kazi kuliko kuwachorea mishale ubaoni, kwa sababu ukikosea unaungua jua mpaka Posta, na kesho hukosei.

4. Kabla hujashuka na baada ya kushuka

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo watu wanairuka. Makosa mengi yanatokea kwenye ule muda wa kushuka kwenye gari. Ndani ya daladala umekaa kinyumenyume au umebanwa na makwapa ya watu huoni nje, konda anapiga kelele, unashuka unageuka mara mbili kukwepa bodaboda, halafu unaanza kutembea kwa kasi kwa sababu unaona aibu kusimama. Hapo ubongo umepoteza nanga na wewe umeshaondoka.

Fanya hivi:
a) Kabla gari halijasimama jiambie "tunaelekea wapi, na mlango uko kushoto, kwahiyo nikishuka nitakuwa upande gani wa barabara".
b) Ukishuka simama. Sekunde kumi tu. Hakuna anayekuangalia.
c) Angalia gari linavyoondoka. Lile linaendelea na mwelekeo mliokuwa nao, ndo mshale wako.
d) Nyoosha kidole (hata mfukoni) kuelekea nyumbani, halafu kuelekea mjini, halafu baharini.
e) Ndo uanze kutembea.

Kama umekuja na basi la mkoani ukashukia stendi ya Magufuli pale Mbezi, usitoke nje ya geti kabla hujajua Morogoro Road iko wapi na mjini ni upande gani. Mjini ni mashariki. Asubuhi fuata jua, jioni lipe mgongo.

5. Weka alama kwenye kona, sio katikati ya njia

Unapopita njia mpya usijaribu kukariri kila kitu. Unahitaji alama pale unapogeuka tu. Na alama iwe ni kitu ambacho kesho kitakuwepo: msikiti, mnara wa simu, tangi la maji, mbuyu, shule, transfoma ya umeme. Muuza mahindi sio alama. Gari bovu lililoegeshwa sio alama. Geti la bluu ni alama mbaya, mageti ya bluu yapo kila mtaa. Rangi ya ukuta wa duka la huduma za pesa usiiamini, wanapaka upya.

Kwenye kila kona GEUKA NYUMA UTAZAME. Hili narudia mpaka nachukiwa. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni picha mbili tofauti kabisa, ulichokiona cha kwenda ni uso wa nyumba, cha kurudi ni mgongo wake. Ukigeuka sekunde mbili tu umeshapiga picha ya kurudia.

6. Acha "kushoto kulia", anza kusema upande

"Kata kushoto, halafu kulia, halafu kushoto" inafanya kazi kama hujakosea hata moja. Ukiruka kichochoro kimoja imekufa yote. Badala yake jisemee "naelekea baharini, sasa nageuka kuelekea Mbagala, sasa narudi upande wa bahari". Wako watu duniani ambao lugha yao inawalazimisha kufanya hivi, Waguugu Yimithirr wa kaskazini ya Queensland huko Australia, wao hawasemi mkono wa kushoto, wanasema upande wa dunia hata kwa kitu kilicho mezani, na watafiti waliowapima walikuta wanajua mwelekeo kwa usahihi mkubwa hata wakiwa sehemu ngeni. Sio kwamba wameumbwa tofauti, wanafanya zoezi kila wanapofungua mdomo.

Angalizo la kona ndefu: sikio la ndani linahisi mgeuko wa ghafla, barabara ikipinda taratibu halihisi kitu. Na kumbukumbu nayo ina tabia ya kunyoosha kilichopinda na kufanya kila makutano yawe ya pembe mraba. Mandela Road ni mfano mzuri, unatoka Ubungo unaenda kusini, ukishapita Tazara unajikuta unaelekea mashariki bandarini, na aliyelala kidogo kwenye gari atakubishia mpaka kesho kwamba bado mnaenda kusini. Kwenye barabara kama hizo usitegemee hisia, angalia kivuli cha nguzo kimehamia upande gani.

7. Tengeneza uzio, halafu potea kwa makusudi

Uzio ni vitu vinavyolizunguka eneo ambavyo huwezi kuvivuka bila kujua. Kariakoo una Msimbazi, Uhuru, Lumumba na Morogoro Road. Ukishajua hizo nne ingia ndani uzunguke utakavyo kati ya maduka, ukichoka nyoosha upande mmoja mpaka ugonge uzio.

Mji Mkongwe Unguja ndo shule bora ya hatua hii, hakuna pengine nitakapokupeleka. Vichochoro vinapinda, huoni mbali, majumba marefu yameziba jua, ramani ya simu inaruka ruka kwa sababu ya kuta. Lakini mji wenyewe ni rasi: magharibi na kaskazini ni bahari, mashariki ni Creek Road yenye soko la Darajani. Ukitembea unyooke kadri unavyoweza lazima utatokea Forodhani, Malindi, Shangani au barabarani Darajani. Mgeni akishajua hilo hofu inaisha, na hofu ikiisha ndo macho yanaanza kuona milango, vibaraza, kona yenye msikiti, kona yenye kisima.

Kila wiki rudi nyumbani kwa njia usiyoijua, mchana, sehemu salama, ukiwa na uzio kichwani. Ramani ya kichwani inajengwa pale unapounganisha njia mbili ulizokuwa unazijua mbali mbali, kupita njia moja kila siku kunakupa kamba tu sio ramani.

8. Simu: angalia kabla, weka mfukoni

Sisemi uitupe simu. Nasema usiifuate kila hatua. Utafiti wa Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Kanada uliotoka 2020 ulikuta watu waliotumia GPS zaidi walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya njia pale walipotakiwa kwenda bila msaada. Inaeleweka, mshale wa bluu unakutolea kazi yote ya kufunga nanga.

Utaratibu wangu: fungua ramani kabla ya kuondoka, gusa alama ya dira ramani ikae kaskazini juu, na kwenye mipangilio zuia isigeuke geuke ukitembea. Angalia mwanzo, mwisho, kona zipi na uzio upi. Funga. Weka mfukoni. Ukikwama simama uangalie tena, weka tena mfukoni. Mteja akituma lokesheni usibonyeze "anza" moja kwa moja, kwanza jiulize pini hiyo iko upande gani wa nilipo.

9. Usiku chora

Kabla ya kulala chukua daftari uchore ulikopita leo, bila kuangalia simu. Mistari mibaya haina shida. Ukimaliza linganisha na ramani, sahihisha kwa kalamu nyingine. Kona utakazokosea ndo za kwenda kuziangalia kesho.

Madereva wa teksi nyeusi za London wanafanya kazi hii kwa kiwango cha kutisha. Kupata leseni lazima ukariri mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, pale katikati ya London, inachukua miaka mitatu minne, utawaona wanafunzi wakizunguka na vipikipiki wamefunga ramani mbele. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva hao wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na 2011 wakaonyesha kwamba kwa wanafunzi waliofaulu mabadiliko yalitokea wakati wa kujifunza, waliofeli hawakubadilika. Yaani sio kwamba wenye kichwa kikubwa ndo walichagua teksi, kichwa kilikua kwa kazi.

Na mliotoka vijijini msijidharau. Utafiti mkubwa uliotoka 2022, uliotumia geimu ya simu na watu karibu laki 4 kutoka nchi 38, ulikuta waliokulia nje ya miji kwa wastani wanatafuta njia vizuri kuliko waliokulia mjini. Kichwa mnacho, Dar ndo hamjaizoea.

Nanga za dharura

Misikiti. Kwa sisi wa pwani hii ni zawadi. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Dar, Unguja, Tanga na Mombasa, tofauti ni digrii moja au mbili tu. Kwahiyo ukiona msikiti tembea pembeni yake uangalie ukuta wenye kibla, mara nyingi utaona mihrabu imetokeza kwa nje kama kinundu, huko ndo kaskazini. Misikiti ya zamani ya mawe ya pwani nayo ni hivyo hivyo. Makaburi ya Waislamu huku yamelala mashariki-magharibi kwa sababu hiyo hiyo. Ukienda bara inaegemea mashariki kidogo kidogo, Dodoma na Nairobi ni kama digrii 7 au 8, Kigoma karibu 20. Makanisa usiyatumie, yanajengwa kufuata kiwanja.

Madishi. Madishi ya king'amuzi kimoja mtaa mzima yanatazama upande mmoja. Chunguza la kwenu nyumbani linatazama wapi, ukienda mtaa mwingine wa mji huo huo tafuta ya kampuni hiyo hiyo.

Mwezi. Mwezi mwandamo unatafutwa magharibi baada ya magharibi, hilo kila aliyefunga anajua. Mwezi mpevu unachomoza mashariki jua linapozama. Ukiwa nusu, upande unaong'aa ndo uliko jua.

Nyota. Jioni za mwezi wa 4 mpaka wa 7 Msalaba wa Kusini unaonekana, ukisimama wima chini yake ndo kusini. Mwezi wa 12 mpaka wa 3 tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari, zinachomoza mashariki na kuzama magharibi karibu sawasawa. Nyota ya Kaskazini wanayoisifia watu wa Ulaya kwa Dar haionekani, iko chini ya upeo.

Kijiti. Chomeka kijiti wima, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka jiwe la pili. La kwanza ni magharibi, la pili mashariki. La magharibi likae kushoto kwako, la mashariki kulia, unaangalia kaskazini. Inafaa zaidi kuanzia saa 4 mpaka saa 9.

ONYO: ile mbinu ya kutumia mishale ya saa ya mkononi iliyozagaa mtandaoni, achaneni nayo. Imetengenezwa kwa nchi ambazo jua la mchana liko upande mmoja mwaka mzima. Huku karibu na ikweta linahama, itakudanganya.

Shida zinazojitokeza na cha kufanya

*"Ghafla naona mji wote umegeuka, bahari iko upande wa pili."* Nanga ilifungwa vibaya, mara nyingi ni kutoka kwenye jengo kwa mlango mwingine au kuamka kwenye gari. Usibishane nayo ukiwa unatembea. Simama, tafuta kitu kimoja ambacho huna shaka nacho (jua, msikiti, barabara kubwa), kitazame, sema kwa sauti "kule ni kaskazini". Picha inarudi yenyewe, wakati mwingine kwa kishindo mpaka unahisi kizunguzungu kidogo. Ni kawaida.

*"Dar najua vizuri, nikienda Unguja nageuka."* Kwa sababu umebeba nanga ya bahari mashariki. Mji wa Unguja bahari iko magharibi. Ukishuka bandarini Malindi funga upya kabla ya kitu kingine.

*"Ndani ya majengo makubwa napotea."* Hamna jua. Ukiingia kumbuka mlango ulioingilia unatazama barabara gani na umepanda ngazi ukiangalia wapi. Toka kwa mlango ule ule mpaka utakapozoea.

*"Wananielekeza watu wawili tofauti."* Uliza "Tegeta ni upande gani?" akunyooshee kidole. Mtu atakuonyesha upande hata kama hajui jina la mtaa. Uliza wenye maduka na bodaboda wa kijiwe, sio wapita njia. Na usimuulize mtu swali la kujibiwa ndiyo tu ukiwa na haraka, wengine watakubali kwa adabu.

*"Dira ya simu inasema uongo."* Toa kava yenye sumaku, sogea mbali na gari na nondo, izungushe hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa.

*"Mawingu, na niko porini."* Usiendelee kutembea kwa hisia, umeshasoma ya msitu wa Bienwald. Chagua mti unaouona mbali, ufikie, ukiwa pale chagua mwingine nyuma yake kwenye mstari huo huo, na angalia nyuma mara kwa mara miti mitatu ikae mstari mmoja. Kama giza linaingia kaa hapo hapo, piga simu, subiri.

*"Nimejaribu miezi na bado napotea hata nyumba ya jirani."* Wapo wachache ambao tangu utotoni ubongo wao haujengi ramani hata wakiwa na akili timamu kabisa, imeandikwa na watafiti tangu 2009. Kama ni wewe usijilazimishe na ramani, andika njia kwa mpangilio wa alama, moja baada ya nyingine, na tembea nazo.

*"Mzee wetu ameanza kupotea njia aliyopita miaka yote."* Hii ni tofauti na yote ya juu, na usimcheke wala usimwambie ni uzee. Maeneo ya ubongo yanayotunza njia ni kati ya yale ya mwanzo kuguswa na ugonjwa wa Alzheimer, kwahiyo kupotea sehemu anayoijua kunaweza kuanza kabla hajasahau majina. Ikitokea kwa ghafla siku hiyo hiyo, hasa ikiambatana na kuchanganyikiwa, kushindwa kuongea au mkono kulegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Ikiwa ni taratibu, mpeleke apimwe mapema, na mfukoni mwekee karatasi yenye namba za simu za ndugu wawili na jina la mtaa.